Mstari Tulioukata Kwenye Ngitiri ya Mama Holo

Ninyi vijana mnaopokea stoo ya safari mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyokuwa. Nadhani mlitegemea karatasi mbili. Poleni. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa tayari na ndevu, ukimpa kalamu hairudishi upesi. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa viwili tu, na kimoja kilikuja kwa makosa ya karani. Mshahara nao ulikuwa kama mkia wa mbuzi, upo lakini haufuniki kitu. Nitawaambia habari za kazi yenyewe.

Niliajiriwa vita vya Hitla vilipokwisha, shule yetu ya sekondari hapa Shinyanga ilipoamua kwamba wanafunzi wa jiografia wasiishie kuitazama dunia ukutani, waende wakaikanyage. Kila kiangazi wangetoka siku kumi kwenda kupima, kuchora, kuokota mawe na kuandika majina ya miti. Alitakiwa mtu wa kupika, wa kubeba, na asiyeogopa fisi. Katika hayo matatu niliyaweza mawili, nikakaa kimya kuhusu la tatu.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mahema sita ya jeshi, mabaki ya vita. Kila moja lilikuwa zito kiasi kwamba tembo angeomba likizo. Niliyafunga kwenye lori kwa ujasiri mkubwa, na kabla hatujavuka reli manne yalikuwa yamelala barabarani. Aliyeyaokota ni mkuu wa kambi, Mzee Kaombwe, Msumbwa wa upande wa Runzewe aliyekuwa nyapara wa wapagazi tangu enzi za Mjerumani. Hakunigombeza. Alifungua fundo langu kwa kidole kimoja, akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia nimejifundisha mwenyewe.

"Inaonekana," akasema. "Mwalimu wako hajawahi kusafiri."

Nilikaa chini yake miaka sita. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mlango wa hema huupa upepo kisogo, kwamba nyengo za kufyekea hunolewa nyumbani na si njiani, kwamba chumvi unaweza kumpa mwanafunzi yeyote aibebe lakini sukari huibeba mkuu wa kambi mwenyewe. Na kila tulipofika mahali papya alirudia neno moja, mpaka wanafunzi wakawa wanalisema pamoja naye kwa kuimba: uliza pa nani kabla hujauliza maji yako wapi. Mimi nililiimba kuliko wote. Kulitenda ni habari nyingine, mtaiona.

Jioni nilikuwa naingia darasani. Shule ilifungua masomo ya jioni kwa wafanyakazi wake, bwaloni, chini ya taa ya karabai, na waliotufundisha walikuwa wanafunzi wale wale niliowapikia mchana. Kijana niliyemnyima ukoko saa sita alinipa sifuri saa moja. Lakini nilisoma. Nilisoma mpaka karatasi zinazofungia chumvi dukani. Baada ya miaka minne nilikuwa najua kusoma dira, kuhesabu viungo mia vya mnyororo wa kupimia, na kutazama ndani ya darubini ya usawa, ile inayokuambia ardhi inapanda au inashuka hata kama macho yako yanabisha. Nilijiona nimebakiza kidogo tu niitwe kupima mbingu.

Hapo Mzee Kaombwe akastaafu kwenda kulima kwao, na mimi nikapewa kambi. Mwalimu wa jiografia wakati huo alikuwa Mwalimu Salumu, Mzaramo aliyeletwa huku kutoka pwani. Mnajua mambo ya utani wa Wazaramo na sisi Wasukuma. Siku aliyofika alichukua kofia yangu kichwani, akasema ni ya babu yake, akaivaa miaka mitatu. Nami niliwaambia wanafunzi mbele yake kwamba huyu anajua ramani zote, lakini mpeleke mahali pasipo mnazi, anapotea.

Safari yangu ya kwanza kama mkuu wa kambi ilipangwa kubwa kuliko zote: treni mpaka Isaka, lori mpaka Segese, kisha kwa miguu na lori kwa zamu mpaka mgodini Geita, wanafunzi thelathini na wawili wakichora ramani ya njia nzima kutoka relini hadi kwenye dhahabu. Kabla hatujaondoka, mkuu wa shule, Mwingereza tuliyemwita Bwana Mkuu, alituita ofisini mimi na Mwalimu Salumu. Mwaka uliopita wanafunzi walikuwa wamekula karanga za watu shambani, na ofisi ya wilaya ikamwandikia. Akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula kwamba akipata lalamiko moja tena la wenyeji, moja tu, mahema yataingia stoo na safari zitakuwa zimekwisha. Nilimwahidi kwamba hata sisimizi hatalalamika.

Lori la Segese lilikuwa na umri mkubwa kuliko jua. Kwenye kilima tulishuka tukalisukuma, kwenye mteremko tulishuka tukaliombea. Tulipiga kambi karibu na kisima, upande wa pili wa kijiji, na asubuhi yake Mwalimu Salumu akatangaza kazi: kupima mstari mmoja mrefu ulionyooka, ambao ramani yote ingejengwa juu yake.

Nchi nzima ilikuwa tupu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mwezi ule ambao ng'ombe wanatazama mawe kwa matumaini. Lakini mbele yetu, kutoka kwenye kichuguu kimoja kikubwa mpaka kwenye mkwaju uliosimama peke yake, kulikuwa na nyasi za dhahabu zinazofika kifuani, zimelala kwa upepo kama nywele zilizochanwa. Mahali pazuri mno pa mstari. Tatizo ni kwamba ukisimamisha miti yetu ya kulengea, ile ya rangi nyekundu na nyeupe, nyasi ziliificha. Nikasema jambo dogo, tutakata. Nikawapanga wanafunzi na nyengo na mapanga, mimi mbele na dira mkononi, na nawaambieni ukweli, mstari ule ulinyooka kiasi kwamba risasi ingeufuata. Nusu maili, upana wa hatua mbili.

Katikati ya kazi mwanafunzi mmoja, Maganga, mtoto wa wafugaji wa Kahama, akanifuata akaniuliza taratibu, "Mzee Shija, mbona humu hamna hata mavi ya ng'ombe?"

Nikamwambia ashike mti wake wima.

Someni hapo tena, maana ndipo elimu yangu yote ilipoanguka. Mimi ni Msukuma. Nimechunga tangu sijavaa nguo. Mtoto yeyote wa kwetu akiona nyasi zimesimama kiangazi, na nje yake ardhi imelambwa mpaka mfupa, anajua hiyo ni ngitiri: nyasi ambazo mwenyewe amezifunga tangu masika, hakuna mnyama anayeingia, ili kiangazi kikifika mwisho ndama, ng'ombe wagonjwa na madume ya jembe wapate kula. Haina uzio wala kibao. Inalindwa na aibu tu. Lakini mimi nilikuwa natazama dira, na dira haionyeshi aibu.

Saa nane walikuja. Mbele alikuwa mama mmoja mwembamba, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu, anaitwa Mama Holo, mjane. Nyuma yake wazee wanne, na nyuma ya wazee kundi la vijana wakiongozwa na Luhende, nsumba ntale wa kijiji, yaani kiongozi wa vijana wanaolimiana kwa zamu. Mama Holo hakupiga kelele. Aliingia kwenye mstari wetu, akatembea mpaka mwisho, akarudi. Kisha akaokota shada moja la nyasi zilizokatwa akaliangalia kama mtu anayeangalia nguo ya marehemu.

Tuliketishwa uani kwake. Luhende akachukua darubini ya usawa, akasema itakaa kwake mpaka shauri liishe, na akadai fahali wa faini, kwa desturi. Mwalimu Salumu, kwa adabu nyingi, akajitolea kuandika barua ya kuomba radhi. Mzee mmoja akamjibu kwamba ndama wa Mama Holo hawajaanza kula barua. Kisha akanigeukia mimi akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba, babu na kijiji, nikidhani nasaidia.

"Basi huyu Mzaramo tumemsamehe," mzee akasema. "Kwao ni samaki na nazi, nyasi atazijulia wapi. Wewe je? Wewe umenyonya maziwa ya ngitiri."

Mwalimu Salumu aliinama kuficha uso. Baadaye aliniambia alikuwa anasikitika. Mabega yake hayakusema hivyo.

Nilifikiri habari ya lalamiko moja tu, nikaona mahema yote sita yakiingia stoo, na wanafunzi thelathini na wawili wakirudi kuitazama dunia ukutani. Nikapiga magoti mbele ya Mama Holo, nikasema kosa ni langu, watoto walifuata amri, na fahali sina, lakini mikono ninayo na ya hawa pia.

Mama Holo akasema, si kwangu, kwa Luhende, "Kiangazi cha pili hiki nawaomba vijana wako wanilimie njia ya kuzuia moto katikati ya ngitiri. Mume wangu alipofariki, majembe yenu yakasahau kwangu, kwa sababu sina mwanamume wa kutoa zamuni. Leo watoto wa wenyewe wamenikatia bila kuombwa. Wameikata vibaya, lakini wameikata." Akanigeukia. "Sitaki fahali. Mlichoanza mkimalize. Mlime mpaka udongo uonekane, hatua sita upana, kutoka kichuguu hadi mkwaju. Na kila unyasi mliokata mniletee kwenye zizi la ndama."

Luhende akasema darubini haitoki mpaka kazi iishe. Na mmoja wa wale wazee, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliyekuwa bado na hasira, akamwagiza karani amwandikie Bwana Mkuu siku ile ile. Barua ikapanda lori kwenda Isaka. Hilo sisi hatukulijua.

Tulikuwa na majembe matano, ya kuchimbia mitaro ya mahema. Wanafunzi wa sekondari thelathini na wawili, baadhi yao wanajua Kilatini, wakaanza kulima udongo uliokauka kama tofali. Siku ya kwanza malengelenge yalitoka kwa wingi kuliko maendeleo. Vijana wa Luhende walikuja kukaa juu ya kichuguu kutucheka, na walituchambua mmoja mmoja: huyu anakuna ardhi, yule anaibembeleza, yule mwenye miwani anaiandikia. Lakini Msukuma anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia jua. Kuona jembe limeshikwa vibaya hawezi. Kabla ya jioni kijana mmoja alishuka akamnyang'anya Maganga jembe ili amwonyeshe tu. Hakulirudisha. Asubuhi ya pili wakaja kumi, kila mmoja na jembe lake, wakisema wamekuja kufundisha. Saa nne walikuwa wanaimba, wanafunzi wakaitikia, majembe yakashuka pamoja, na mimi nikapika ugali wa watu karibu hamsini kwenye sufuria za watu thelathini. Mama Holo alileta michembe ya viazi vitamu na karanga, akaviweka chini, akarudi kwake. Luhende peke yake alibaki kichuguuni, mikono kifuani.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, tulikuwa tumebakiza hatua kama arobaini kufika mkwajuni. Aliyeuona moshi kwanza ni Maganga, na safari hii nilimsikiliza. Upande wa mashariki, anga ya chini ilikuwa ya kahawia. Upepo wa kiangazi unatoka huko huko. Kwa muda tulisikia tu sauti, kama mtu anayepasua kanga pole pole. Kisha tukaona ndege wakija juu yetu na sungura wakipita miguuni, na ulimi wa kwanza ukachomoza juu ya nyasi.

Moto ule nimeusimulia mara nyingi, na kila mara unakuwa mrefu zaidi. Leo nitaupa urefu wa mnazi, kwa heshima ya Mwalimu Salumu. Niliwapanga wanafunzi kwenye mstari, kila hatua thelathini mmoja, matawi mabichi mkononi, migongo kwa nyasi tunazozilinda. Zile hatua arobaini zisizolimwa zilikuwa mlango wazi. Hapo Luhende alishuka kichuguuni mbio, akatupa shuka, akaita vijana wake kwa majina, na wakaanza kuula ule udongo kwa majembe kama watu watakaolaaniwa wasipomaliza.

Mama Holo alikuja mpaka jikoni kwangu, akachukua kijinga cha moto kutoka mafigani, akaenda nacho kwenye ukingo wa mashariki wa mstari. Nikamfuata.

"Mayu, mama yangu, utachoma nyasi zako mwenyewe?"

"Nachoma zilizokwisha kufa," akasema, "ili ule usikute chakula ukifika hapa."

Akainama, akaanza kuchoma kuanzia kichuguuni, anatembea anagusa, anatembea anagusa. Theluthi nzima ya ngitiri, nyasi alizozilinda tangu mvua ya kwanza, aliziwasha kwa mkono wake, na uso wake haukubadilika. Moto wake ukaenda kuukuta ule mkubwa. Ilipokutana palitoka joto ambalo lilinichukua nyusi. Hizi mnazoziona ziliota upya. Cheche ziliruka juu yetu. Mbili zilivuka mstari zikashika nyasi za magharibi. Moja Maganga aliipiga kwa tawi mpaka tawi likabaki fimbo. Ya pili Mwalimu Salumu alivua koti lake la pwani, lile analovaa siku za wakaguzi, akaipiga nalo, akaipiga tena, na alipomaliza alikuwa ameshika ukosi na mkono mmoja.

Kisha sauti ikakoma. Mashariki kulikuwa kweusi na kunafuka. Magharibi, theluthi mbili za ngitiri zimesimama za dhahabu kama asubuhi ile tulipoziona. Na Luhende alikuwa amesimama chini ya mkwaju, mahali ambapo udongo ulikuwa umefika, jembe lake limevunjika mpini. Alikwenda kwake, akarudi na darubini ameibeba kichwani mwenyewe, kama mtu anayeleta mahari. Aliishusha mbele ya Mama Holo na kumwambia kwamba kuanzia masika ijayo zamu itafika kwake, mwanamume awepo asiwepo. Mama Holo akamwambia aanze kwa kuwapa wageni maji. Wanafunzi wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa kijiji cha tatu wakageuka, nami sitakataa kwamba nilipiga vya kwangu.

Geita tulifika tukiwa na siku moja mkononi. Wanafunzi waliona jinsi mawe yanavyosagwa, wakaona mtu akizungusha mchanga kwenye karai mpaka pakabaki vumbi la njano linaloweza kukaa kwenye ukucha, wakaandika mistari minne. Ndiyo maana ramani ya mwaka ule, mnayoiona bado darasani, ina kila mti wa Segese, na Geita ni nukta tu.

Tulirudi tukiimba. Bwana Mkuu alitungoja mlangoni na ile barua ya mwanangwa. Hakutaka maelezo, lalamiko lilikuwa moja, na moja ndilo alilosema. Mwalimu Salumu alijieleza kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho, akimwonyesha ukosi wa koti. Haikusaidia. Mahema yakaingia stoo, nami nikarudishwa jikoni, kupika maharage ya watu wasiokwenda popote. Maganga na wenzake walikuwa wakinifundisha jioni zile, na hakuna aliyenipa sifuri. Hilo liliniumiza zaidi.

Wiki ya tano tukaitwa tena, mimi na Mwalimu Salumu. Mezani kulikuwa na barua nyingine, yenye muhuri wa baraza. Bwana Mkuu alikuwa ameisoma, naona mara nyingi, lakini akasema anataka kuhakikisha ameielewa vizuri. Akanipa mimi. Nilijifuta mikono kwenye aproni nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya Mwingereza na Mzaramo, na sikujikwaa hata mara moja. Ilisema kwamba mwaka ule moto ulikula malisho ya vijiji vitatu, na ndama wa mjane mmoja ndio pekee walionenepa. Ilisema wenye malisho wamekaa baraza na kukubaliana. Na mwisho wake ilisema hivi:

"Tunazo ngitiri nyingine nne ambazo watoto wenu hawajazikosea. Tunaomba kiangazi kijacho waje wazikosee zote, nasi tutawapikia."

Bwana Mkuu aliichukua barua, akaikunja. Mwalimu Salumu alikuwa ameinama tena, mabega yanatikisika. Ndipo mkuu akaniuliza shule ina majembe mangapi.

"Matano, Bwana."

Akavuta karatasi ya maombi ya vifaa na kuandika: majembe thelathini na mawili.